Mikate ya Jumamosi

Mlolongo,
12 Septemba 1999

Mwaitu,

Ni wiki mbili tangu nifike na sijakuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu nalia na karatasi inaharibika. Sasa nimekauka kidogo. Unisamehe, mama.

Chumba nilichopata kiko ghorofa ya tatu, nyuma ya mizani ya malori. Vumbi la kokoto linaingia hata dirisha likifungwa. Kazi niko nayo, kiwanda cha nguo kule Athi River, nashona mifuko ya suruali. Mifuko tu. Zipu ni za wengine. Tunaingia saa moja asubuhi, tunatoka giza likianza.

Matiti bado yananiuma. Maziwa yanakuja na hakuna wa kunyonya. Najua Mbula mdogo anakaribia miaka miwili na ulisema wakati umefika, lakini mwili wangu haujasikia habari hiyo.

Anakula nini? Niambie kila kitu, hata kiwe kidogo namna gani. Mlango unaofuata wangu kuna Zaituni, mke wa Tariq anayeuza matairi hapa barabarani. Wako na msichana wa umri wa Mbula, jina lake Ummi. Kila asubuhi nikitoka nampata amekaa kwenye mkeka mlangoni na mkate uliopakwa siagi mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Mashavu yake utadhani yatapasuka. Nikifika hapo natembea haraka.

Mwanao,
Munyiva


Ndithini,
25 Septemba 1999

Munyiva mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpelekea katekista. Gumbaru, yale masomo ya watu wazima, haikuwa bure. Walitufundisha kuandika kwa Kiswahili, kwa hivyo nitakuandikia kwa Kiswahili, na ukicheka makosa yangu cheka pole pole.

Unauliza anakula nini. Ungeuliza ni nini asichokula. Siku mbili za kwanza alikukasirikia, akafunga mdomo kabisa. Siku ya tatu nikamwambia, wewe ni Mbula na mimi ni Mbula, sasa nani atamlisha mwenzake? Nikampa kijiko. Akanilisha mimi kwanza, nusu ikamwagika kifuani kwangu, kisha nikamlisha yeye. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yetu. Anasema "Mbula kula", mimi nafungua mdomo, halafu inakuwa zamu yake.

Anakula isyo, ile mahindi na maharagwe yetu, nampondea mpaka iwe laini. Anakula majani ya kunde. Kuku akitaga anakula yai, na wale wazee wanaosema yai linamchelewesha mtoto kusema nimewaambia wakae na mayai yao. Maziwa ya mbuzi bado yapo. Juzi alilala na mkono ndani ya bakuli. Mama Nzomo alipita akaniambia mtoto huyu anakula kama mchimba mitaro, na nikafurahi siku nzima.

Kwetu mwenye jina lako ni wewe mwenyewe, hapigwi na hanyimwi. Kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Siwezi kujinyima chakula mimi.

Mama yako,
Mbula mkubwa


Mlolongo,
10 Oktoba 1999

Mwaitu,

Barua yako nilimsomea msichana mmoja wa kiwandani akacheka mpaka akakohoa. Mchimba mitaro. Mimi sikucheka.

Mama, huyo ni mtoto. Tumbo lake ni dogo. Isyo ni chakula cha watu wanaoshika jembe, nimeila miaka ishirini na mbili na naijua inavyokaa tumboni. Na majani tulikula kwa sababu hakukuwa na kingine, usiniambie kulikuwa na sababu nyingine. Sikuja huku kukaa peke yangu ili mtoto wangu ale kile nilichokula mimi.

Mutiso, yule kondakta wa basi linalopita Ndithini kila Jumamosi, nimempa kifurushi. Kuna mikate mitano, siagi, biskuti, na unga wa juisi ya machungwa ambao unakorogwa na maji tu. Kila Jumamosi kitakuja kingine. Asubuhi mpe chai na mkate. Mchana biskuti na juisi. Jioni mkate tena. Ale kama watoto wa hapa wanavyokula, nimewaona kwa macho yangu.

Isyo usimpe tena. Kunde usimpe. Sitaki tubishane, mama. Mimi ndiye nilimzaa, niko na kazi, na naweza kumlisha.

Munyiva


Ndithini,
24 Oktoba 1999

Munyiva,

Mikate ilifika. Mutiso aliishusha mbele ya soko lote akatangaza kwamba ni ya mama Munyiva kutoka town. Umeniletea heshima, asante.

Isyo nimeacha. Umesema ni mtoto wako, na hilo siwezi kulipinga. Mimi ni wa kulea tu.

Siku ya kwanza mkate aliutema. Siku ya pili alilamba siagi akautupa uliobaki. Sasa akisikia basi anakimbia mlangoni na kuita "kate, kate". Ikifika Alhamisi mikate inaota ukungu, naukwangua na kuikausha juani. Jana nilikuwa nakula kunde zangu, nikampa kijiko tucheze mchezo wetu, akakisukuma mbali. Nikajaribu tena, akajitupa chini akapiga mateke. Nilisimama pale na bakuli langu nikamwona kweli anafanana na wewe.

Kilio chake kwa ajili ya mkate siwezi kukivumilia. Ni jina langu linalolia. Nampa.

Ukipata nafasi njoo umwone mwenyewe.

Mama yako,
Mbula


Mlolongo,
12 Desemba 1999

Mwaitu,

Krismasi sitakuja. Kuna kazi ya ziada na anayekataa anaondolewa, wengine wako nje ya lango wanangoja nafasi. Usinikasirikie. Ningekuja, ningekuja.

Mwandiko wangu ukiwa mbaya ni vidole. Vimepasuka kwa sababu ya mashine.

Nimempa Mutiso viatu vyekundu vya Mbula. Nilikisia ukubwa kwa kumpima Ummi. Avae kanisani. Na yule mpiga picha anayekuja kanisani siku ya Krismasi, mwambie ampige Mbula picha akiwa amesimama, uitume kwa basi. Sasa nikijaribu kukumbuka uso wake nakumbuka wa Ummi, na inanitia hofu.

Mikate ya wiki hii ni sita. Niliongeza mmoja kwa sababu ya sikukuu.

Munyiva


Ndithini,
9 Januari 2000

Munyiva,

Picha ndiyo hiyo. Amekaa kwa sababu alikataa kusimama.

Unavyoona amenenepa. Mashavu yamejaa. Viatu havimwingii, miguu imekuwa minene, kwa hivyo vimewekwa. Nywele zimelainika na kugeuka rangi ya kahawia, kina mama kanisani walizishika wakasema ni nywele za kizungu. Amekuwa mpole sana. Nikimketisha juu ya gunia asubuhi namkuta hapo hapo nikirudi kutoka kisimani. Hakimbilii basi tena, anaangalia tu.

Mvua ilinyesha siku tatu ikaisha. Mbuzi amekauka. Sisi tuko.

Nimekuambia njoo umwone. Nasema tena, Munyiva. Njoo umwone kwa macho yako.

Mama


Mlolongo,
25 Januari 2000

Mwaitu mpenzi,

Picha nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Nimeibandua mara nne kuwaonyesha watu. Mashavu hayo, mama. Hata Ummi hana mashavu kama hayo. Nilimwonyesha mama wa dukani, nikamwonyesha mlinzi wa lango, nikawaambia, huyo ni wangu, na hakuna siku amelala bila mkate. Nilikuwa nimechoka na maisha ya huku lakini nilipoiona nilisema basi, haikuwa bure. Nakushukuru. Najua nilikuandikia kwa ukali na wewe ulinisikiliza.

Barua hii nilikuwa nimeiacha hapo juu. Leo ni Alhamisi, tarehe 27. Mama, soma hii kwa makini.

Nilimwonyesha Zaituni picha. Alikuwa anatabasamu kisha akaacha. Akaisogeza dirishani. Akauliza, mtoto anacheza? Nikasema amekuwa mpole. Akauliza nywele. Nikamwambia ulivyosema. Akaketi chini. Mdogo wake wa kiume alikuwa hivyo hivyo, anasema, na walimsifu unene wake mpaka wiki aliyofariki.

Anasema ubonyeze mguu wake juu, hapo karibu na vidole, kwa kidole gumba. Ubonyeze kidogo uhesabu mpaka tatu, halafu uondoe. Ngozi ikirudi ni unene. Shimo likibaki si unene.

Sitangoja Jumamosi. Barua hii nampa dereva wa lori la mchanga anayepita Matuu. Bonyeza, mama, na uniambie ngozi imerudi.

Munyiva


Ndithini,
31 Januari 2000

Munyiva,

Nilibonyeza. Shimo lilibaki. Nilihesabu mpaka ishirini na bado lilikuwepo, kisha nikabonyeza mguu wa pili nikaona lingine. Hakulia. Aliangalia mashimo yake tu.

Siku hiyo hiyo nilimbeba mpaka zahanati. Sista hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema mtoto hajanenepa, amejaa maji. Amekula vitu vitamu miezi mitatu na mwili haukupata cha kujijengea. Alisema maharagwe yaliyopondwa, yai, maziwa, kidogo kidogo na mara nyingi. Aliniandikia karatasi ya hospitali kubwa. Nimeiweka. Kwanza nitamlisha mimi mwenyewe.

Lakini hataki. Kijiko kikifika anageuza uso ukutani. Nimeficha maharagwe ndani ya mkate, anayatoa kwa kidole moja moja. Yai nimelipika kwa namna tatu. Nimemwalika mtoto wa mama Nzomo ale mbele yake, mtoto wa watu amemaliza sahani mbili na wangu anaangalia. Nimemwambia Mbula anamlisha Mbula, nikamfungulia mdomo, akafumba macho.

Njoo.

Mama


Mlolongo,
4 Februari 2000

Mama,

Karatasi ya hospitali usiiweke. Mpeleke leo, usingoje hata usiku upite. Nakuomba kwa magoti.

Na akiwa huko usimlazimishe, Zaituni anasema akilazimishwa anaogopa chakula kabisa. Paka kidogo kwenye kidole chako alambe. Ponda maharagwe na ndizi mbivu ili yawe matamu. Mwimbie. Mpe kikombe chake mwenyewe, kisiwe na mtu mwingine anayekitumia. Akikataa ngoja kidogo, kisha jaribu tena, usimwonyeshe umekasirika. Nimeandika yote kama alivyoniambia.

Nilimuuliza Zaituni, mbona Ummi anakula mkate na hana shida? Akashangaa. Akasema mkate ni wa asubuhi tu. Mchana anampikia maharagwe na mchicha, jioni ugali na omena, na maziwa kila siku. Mama, mimi sikuwahi kuona hayo. Nilikuwa natoka asubuhi na kurudi jioni mlango wao ukiwa umefungwa. Niliona mkate peke yake nikadhani ndicho chakula chake.

Mutiso analeta mayai, nimeyafunga ndani ya blanketi. Leo hakuna mkate. Mimi nakuja mwisho wa mwezi, nikipata ruhusa. Mwambie mama yake anakuja.

Munyiva


Hospitalini,
9 Februari 2000

Munyiva,

Tuko hapa tangu Jumapili. Wamemwekea mrija puani wanamlisha maziwa kwa huo. Ngozi ya miguu imeanza kutoka vipande, kama iliyoungua. Anaharisha. Yai lako moja tu lilivunjika njiani, mengine nimewapa wauguzi, kwa sababu sasa haruhusiwi.

Leo asubuhi waliutoa mrija kidogo wakasema nijaribu uji. Nilikuwa nimeketi na kikombe. Akashika kijiko, Munyiva. Mwenyewe. Akakijaza akakileta mdomoni mwangu akasema "Mbula kula". Nikala. Akanipa kingine nikala. Nilikula uji wake wote kijiko kwa kijiko nikingoja ifike zamu yake, kwa sababu niliogopa nikikatiza ataacha. Ulipoisha alilala. Muuguzi alikuja akaona kikombe kitupu akanisifu, na mimi sikumwambia.

Usingoje mwisho wa mwezi. Njoo na nguo ulizovaa.

Mama


Ndithini,
12 Machi 2000

Munyiva,

Imekuwa mwezi mmoja tangu tumzike. Uliondoka siku ya pili yake bila kuniaga, na ulikuwa na haki. Nilikuona kutoka jikoni ukipita ua wa mkonge na sikukuita.

Kuna jambo nataka ulijue, na nikilinyamazia nitaoza nalo.

Kaka yako Kimeu alivimba hivyo hivyo akiwa na miaka miwili, mwaka wa njaa, kabla hujazaliwa. Miguu ile, nywele zile za kahawia, upole ule. Sista wa misheni alinionyesha kubonyeza kwa kidole gumba. Alinifundisha maharagwe na mayai, na kwa mwezi mmoja na nusu Kimeu alirudi, na leo unamjua, anabeba gunia mbili kwa mara moja.

Kwa hivyo jirani yako hakunifundisha kitu. Nilibonyeza miguu ya Mbula kabla ya Krismasi. Nilijua wakati picha inapigwa. Nilijua nikikuandikia amenenepa.

Ulikuwa umeniambia nimlishe kama unavyotaka wewe, na maneno yako yalinichoma. Mimi niliyekulisha wewe isyo ukakua, ukaniandikia kana kwamba nilikupa sumu. Nikasema moyoni, sawa. Nitafanya alivyoagiza bila kuongeza wala kupunguza, na atakuja mwenyewe aone mkate wake umefanya nini, na atapiga magoti. Ndiyo maana nilikuita kila barua. Nilitaka uone kwa macho yako kabla sijamrudisha. Maharagwe yalikuwepo, Munyiva. Gunia zima lilikuwa chini ya kitanda changu, na kuku walikuwa wanataga. Nilidhani niko na wakati. Nilimrudisha Kimeu, nikadhani nitamrudisha na huyu siku nitakayotaka. Hata karatasi ya hospitali niliiweka kwa sababu hiyo. Siku niliyotaka, hakutaka yeye.

Watu hapa wananipa pole. Wanasema nilimpenda sana kwa sababu alikuwa na jina langu. Naitikia.

Sikuombi chochote.

Mbula


Mlolongo,
26 Machi 2000

Mama,

Barua yako imekaa nami zaidi ya wiki. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo hayafutiki. Nilianza mara nyingi. Kila nikifika katikati naona nakuandikia mambo yangu mwenyewe.

Sijui kama nimekusamehe. Nikiamka nimekusamehe, ikifika saa nne nakuchukia tena. Sitakudanganya kwa hilo, maana tumedanganyana vya kutosha.

Kiwandani nilifukuzwa mwanzo wa Oktoba. Nilikuwa nalowa kifuani kwa maziwa, suruali tatu zikapata madoa, msimamizi akanitoa mbele ya wote. Ile barua ya kukataza isyo niliiandika wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimeketi kitandani bila kazi, nikasema kama siwezi kuwa mtu hapa, basi mtoto wangu aonekane wa mtu kule. Nikaandika niko na kazi.

Tangu hapo naponda kokoto Lukenya. Vidole havikupasuka kwa mashine. Asubuhi natoka mapema na wanawake wengine, tunarudi jioni, ndiyo maana sikuona chakula cha mchana cha Zaituni. Hakukuwa na kazi ya ziada siku ya Krismasi. Krismasi nililala. Hakuna aliyekuwa wa kunipa ruhusa wala wa kuninyima. Barua zako zote za njoo nilizisoma nikiwa sina kitu kinachonizuia isipokuwa aibu ya kushuka kwenye basi la Mutiso mikono mitupu, mbele ya soko lile, baada ya mikate yote ile.

Ulipokuwa unaningoja nije nipige magoti, mimi nilikuwa nangoja nipate kitu cha kuja nacho. Na yeye alikuwa anatungoja sote wawili.

Ningeweza kuja siku yoyote, mama. Nauli nilikuwa nayo kila wiki. Ndiyo niliyokuwa nanunulia mikate.

Munyiva